Arosto hupita kwa wiki, kiu hukaa miaka

Na Mwandishi Wetu

Katika nyumba nyingi za mijini mambo huanza kwa vitu vidogo. Pasi haionekani. Redio ya sebuleni inasemekana imepelekwa kwa fundi, na fundi mwenyewe hajulikani. Doti ya kanga ambayo mama alikuwa hajaikata imetoweka kabatini. Kijana aliyekuwa mtanashati sasa ana siku tatu hajagusa maji. Anajikuna, anasinzia akiwa amekaa, na akiulizwa hujibu kwa ukali. Mwishowe jirani mmoja, mwenye huruma au mwenye umbea, huja kuwaambia wazee jambo ambalo mtaa mzima ulikwisha kulijua: mtoto wenu anatumia unga.

Hapo kikao cha ukoo huitwa. Baba anataka kijana akabidhiwe polisi. Mjomba anashauri apelekwe kijijini akalime. Shangazi anaona dawa ni kumwoza, kwani akipata mke atatulia. Lakini shauri linalokubaliwa mara nyingi zaidi ni kumfungia chumbani mpaka “arosto” imwishe. Anafungiwa, analia, anatapika, anagonga mlango usiku kucha. Siku ya nane anatoka amekonda, ametulia, anakula sahani mbili za ugali. Ndugu wanamshukuru Mungu, na mtu anampa shilingi elfu chache akanyoe nywele.

Ndugu msomaji, makala hii imeandikwa kwa ajili ya siku hiyo ya nane. Watu wengi huidhani kuwa siku ya kupona. Wataalamu waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi wanatuonyesha kwamba ni miongoni mwa siku za hatari kubwa kabisa katika maisha ya mraibu wa heroini.

AROSTO NI NINI?

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, hutokana na utomvu wa mmea wa afyuni. Kwa miaka mingi imekuwa ikisafirishwa kutoka Asia kupitia Bahari ya Hindi, na ndiyo maana miji ya pwani yetu, tangu Mombasa na Malindi hadi Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, iliguswa mapema. Wako wanaoivuta ikiwa imechanganywa na bangi au tumbaku, na wako wanaojidunga kwa sindano.

Mwili wa binadamu una tabia ya kuzoea. Aliyeanza kwa kete moja huona baada ya muda kwamba kete hiyo haimfikishi popote, akaongeza ya pili na ya tatu. Mwisho hatafuti raha tena, bali anatafuta kutokuumwa. Akiikosa dawa, kati ya saa 6 na 12 baada ya dozi ya mwisho huanza kupiga miayo, pua na macho hutiririka, vinyweleo husimama, tumbo hukata, mifupa humuuma na usingizi humtoroka. Hali hiyo ndiyo vijana wanayoiita arosto. Huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na kwa kawaida ndani ya wiki moja makali yake huwa yamekwisha.

Arosto ya heroini huua mara chache mtu ambaye afya yake si dhaifu, ingawa kuhara na kutapika huweza kumkausha maji mwilini. Kwa hiyo kumfungia mtu bila maji ya kunywa na bila mwangalizi ni hatari.

Hapa yafaa tutoe onyo. Mambo ni tofauti kabisa kwa mtu aliyezoea pombe, iwe bia au gongo, anywaye kwa wingi kila siku kwa miaka. Huyo akikatishwa ghafla aweza kupatwa na degedege, kutetemeka, kuweweseka na hata kufa. Ni vivyo hivyo kwa aliyezoea vidonge vya usingizi. Watu hao kamwe wasifungiwe chumbani. Wapelekwe hospitali, wapunguziwe hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari.

KWA NINI SIKU YA NANE NI YA HATARI?

Jibu lake ni jepesi, na kila mzazi hana budi kulielewa. Katika wiki ile moja ya chumbani, mwili umeanza kusahau mazoea yake. Kete tatu ambazo juzi zilikuwa za kumtoa arosto tu, leo ni sumu kwake. Lakini akili haijasahau. Inakumbuka kipimo cha zamani, na akirudi kijiweni atanunua kipimo kile kile. Heroini hupunguza kasi ya kupumua. Ikizidi uwezo wa mwili, pumzi hukatika.

Mwaka 2003 daktari John Strang na wenzake wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa hospitalini ili kuachishwa dawa za jamii ya afyuni. Katika muda wa mwaka mmoja walikufa watano, na watatu kati yao waliuawa na dawa iliyozidi kipimo. Jambo la kushangaza ni kwamba wote watatu walitoka katika kundi la wagonjwa 37 waliomaliza matibabu vizuri, wakatoka wakiwa safi kabisa. Hakuna aliyekufa hivyo miongoni mwa waliotoroka mapema, kwa kuwa miili yao ilikuwa bado imezoea.

Idadi hiyo ni ndogo, lakini uchunguzi mkubwa zaidi ulielekeza njia ile ile. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, Ingrid Binswanger na wenzake waliwafuatilia watu 30,237 waliotoka gerezani kati ya 1999 na 2003. Taarifa yao ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza za uhuru, hatari ya watu hao kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo.

Kwa mraibu aliyekatishwa heroini ghafla na kuachwa bila tiba nyingine, mlango wa gereza na mlango wa chumba cha uani ni mamoja. Anatoka akiwa na mwili mgeni na kiu ya zamani.

KIJIJINI JE?

Shauri la mjomba, la kumpeleka kijana mbali na mji, lina ukweli ndani yake, ila ni nusu tu ya ukweli. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtushwa na habari kwamba askari wake wengi waliokuwa vitani Vietnam walikuwa wakitumia heroini. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia baada ya kurejea kwao. Karibu askari mmoja kati ya watano alisema kwamba alikuwa mraibu alipokuwa huko. Watu waliogopa kwamba miji ya Marekani ingefurika waraibu. Haikuwa hivyo. Kati ya wale waliokuwa waraibu vitani, waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza walikuwa kama asilimia 5 tu, na katika miaka mitatu kama asilimia 12.

Tujifunze nini hapo? Kwamba mahali, watu na sababu za mtu kutumia dawa vina nguvu kubwa. Lakini tuangalie tofauti. Wale askari waliiacha Vietnam moja kwa moja. Hawakurudi tena kwenye mahandaki yale, hofu ile wala wauzaji wale. Kijana wetu hupelekwa kijijini miezi mitatu, akanenepa, kisha akarudishwa kwenye nyumba ile ile, kijiwe kile kile na ukosefu ule ule wa kazi.

Miaka mingi kabla ya hapo daktari mwingine wa Marekani, Abraham Wikler, aliyewahudumia waraibu katika hospitali ya Lexington, Kentucky, alikwisha kuona jambo la ajabu. Wagonjwa waliokaa miezi mingi bila dawa walimweleza kwamba walipofika tu kwenye mitaa yao ya zamani, au walipokutana na waliokuwa wakitumia nao, walianza kujisikia arosto upya: pua inatiririka, tumbo linauma. Mwili ulikuwa umefungamanisha dawa na mtaa wenyewe. Kona ya barabara, rafiki, harufu ya moshi, hata siku ya mshahara, vyaweza kuiamsha kiu iliyolala.

Kwa hiyo arosto ni jambo moja na uraibu ni jambo jingine. Arosto ni ya mwili, hupita kwa wiki. Kiu imejichimbia katika ubongo na katika mazingira, nayo hukaa miaka. Kinachofungiwa chumbani ni arosto tu. Kiu humngoja mgonjwa nje.

TIBA IPO, NA IPO HAPA KWETU

Ndiyo maana matabibu waligeukia njia ya kuituliza kiu kwa muda mrefu, badala ya kuikata ghafla na kuomba isirudi. Dawa inayotumika kwa kazi hiyo ni methadoni, iliyotengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya kutuliza maumivu. Mwaka 1964 Vincent Dole, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek walianza kuijaribu kwa waraibu wa heroini mjini New York, na mwaka 1965 Dole na Nyswander wakachapisha habari za wagonjwa 22 wa kwanza. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa za lazima.

Hapa Tanzania kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, ikiwa ya kwanza ya serikali katika nchi za bara la Afrika zilizo kusini ya Sahara. Kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimetangulia mwaka 2006. Kliniki ya Mwananyamala ilifuata mwaka 2012, kisha Temeke, na baadaye huduma ikaenea hadi mikoani, Mbeya, Mwanza na Dodoma zikiwamo. Zanzibar huduma hiyo ilianzishwa katika Hospitali ya Kidongo Chekundu. Kenya nayo ilianza mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Katika kliniki hizi za serikali hapa nchini dawa hutolewa bila malipo.

Methadoni ni dawa ya kunywa. Mgonjwa huimeza mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, nayo hukaa mwilini saa 24 na zaidi. Ikishafikia kipimo chake sawasawa, arosto hutulia na kiu hupungua bila mtu kulewa. Mgonjwa hupata nafasi ya kulala usiku, kula, na kuamka asubuhi kwenda kazini badala ya kwenda kutafuta pesa ya kete.

Mwaka 2017 Luis Sordo na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 19 za nchi mbalimbali. Tafiti hizo ziliwahusu watu zaidi ya 122,000 waliotibiwa kwa methadoni. Katika kila watu 1,000, kwa mwaka mmoja, walikufa kama 11 wakiwa katika matibabu, na kama 36 wakiwa nje ya matibabu. Ni dawa chache mno zinazoweza kujivunia kupunguza vifo kiasi hicho. Tafiti hizo hizo zilionya kwamba wiki nne za kwanza za matibabu, na wiki nne za kwanza baada ya kuacha, zinahitaji uangalifu zaidi.

“SI KUBADILI KILEVI KIMOJA KWA KINGINE?”

Swali hili huulizwa na wazazi wengi, wala si la kubezwa. Ni kweli methadoni ni ya jamii moja na heroini, na anayeitumia hawezi kuiacha ghafla. Lakini tofauti zake ni kubwa. Heroini hupanda na kushuka upesi, ikimtesa mtu mara tatu au nne kwa siku; methadoni hupanda polepole na kukaa. Heroini haijulikani imechanganywa na nini. Methadoni hupimwa na mfamasia. Heroini huja na wizi, sindano na polisi. Methadoni huja na daktari, kipimo cha damu na ushauri. Mgonjwa wa kisukari hutumia dawa miaka mingi, na hatumwambii kwamba amekuwa mtumwa wa dawa.

Hata hivyo tusiipambe kupita kiasi. Matibabu haya ni ya miezi na miaka, wala si ya wiki. Kwenda kliniki kila siku ni mzigo kwa mtu anayekaa mbali na asiye na kazi. Wengine hukatisha dawa kwa sababu ya nauli ya daladala tu. Na ole wake anayechanganya methadoni na pombe au vidonge vya usingizi, kwani vyote kwa pamoja huikandamiza pumzi, na wengine hawaamki.

Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambako waraibu huishi pamoja kwa miezi kadhaa wakisaidiana, mara nyingi chini ya watu ambao wenyewe walipitia njia hiyo. Nyingi zimewasaidia watu. Mzazi anayempeleka mwanawe huko na akague kwanza kwa macho yake. Aulize kama nyumba imesajiliwa, kama kuna uhusiano na hospitali, na kama wakazi wanaelezwa hatari ya kurudia kipimo cha zamani watakapotoka. Nyumba inayofunga watu minyororo au kuwachapa viboko haina tiba ya kuuza.

TUSIWASAHAU MABINTI

Katika foleni za kliniki wanawake ni wachache. Si kwamba hawatumii. Wanajificha zaidi, kwa kuwa mtaa humhukumu mwanamke kwa ukali mara mbili. Mwaka 2005 Sheryl McCurdy na wenzake waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza juu ya jambo walilolikuta miongoni mwa wanawake wanaojidunga Dar es Salaam. Asiyekuwa na pesa ya kete alipewa na mwenzake damu iliyovutwa kwenye bomba la sindano mara tu baada ya kujidunga, aiingize mwilini mwake kwa imani kwamba damu hiyo ina heroini ndani yake. Walioitoa waliitoa kwa huruma, ili mwenzao asiteseke kwa arosto. Lakini ni vigumu kufikiria njia ya mkato kuliko hiyo ya kuambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Binti au mke anayetumia unga anahitaji mlango ulio wazi kama kaka yake. Akiwa mjamzito asiachishwe heroini ghafla nyumbani, kwani anaweza kuipoteza mimba; awahishwe hospitali.

FAMILIA IFANYE NINI?

Kwanza, msimfungie. Mpelekeni kwenye kituo cha afya au kliniki ya methadoni iliyo karibu, na mmoja wenu aende naye siku ya kwanza. Mtu aliyezoea kufukuzwa hukata tamaa mapema kwenye foleni.

Pili, ikiwa amekwisha kukaa siku kadhaa bila dawa, iwe ni kwa kufungiwa, kwa kulazwa au kwa kutoka mahabusu, mwambieni waziwazi: mwili wako si ule wa zamani, kipimo chako cha zamani kitakuua. Wazazi huogopa kwamba kusema hivyo ni kumpa ruhusa. Sivyo. Ni sawa na kumwambia mvuvi kwamba bahari imechafuka.

Tatu, mjue dalili za dawa kuzidi: haamki hata akitikiswa kwa nguvu, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi ni za nadra, midomo na kucha zimegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Kama anapumua, mlazeni ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kama pumzi imekatika, mpulizieni mdomoni mkiwa mmemziba pua. Mkimbizeni hospitali, na mwambieni daktari ukweli bila haya, kwani ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi kwa dakika chache. Aibu imewazika vijana ambao ukweli ungewaokoa.

Nne, msimpe pesa mkononi. Mlipieni kitu chenyewe. Nguo inunuliwe, kinyozi alipwe, nauli ya kliniki ipewe ndugu anayemsindikiza.

Tano, akianguka tena, msiseme kwamba yote yamekuwa bure. Uraibu ni ugonjwa wenye tabia ya kurudi, na wengi waliopata nafuu waliwahi kuanguka zaidi ya mara moja. Kuanguka si mwisho wa safari. Mwambieni kliniki bado ipo, na kesho asubuhi mtakwenda naye.

Mwisho, mfikirie kazi yake. Dawa itaituliza kiu, lakini haitamjazia mchana wake. Fundi anayemkubali gereji, mama lishe anayemwachia kuteka maji na kuosha vyombo, mwajiri anayemruhusu mfanyakazi apite kliniki kabla ya zamu, wote hao wanafanya sehemu ya kazi ya daktari. Familia inayokaa kikao leo usiku ianze na mambo mawili tu: nani atakwenda naye kliniki, na nauli ya mwezi mzima itatoka wapi.